Betri za boti: Faida imo kwenye kidhibiti

Kata ya Mahongole, Makambako, haina ziwa wala bandari. Hata hivyo, mfanyabiashara wa hapo anayeuza betri za sola ana sababu ya kulitupia jicho Ziwa Nyasa. Makambako ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapokutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo. Mzigo mwingi unaokwenda Ludewa, hadi Lupingu na Manda kando ya ziwa, hupitia njia hiyo.

Bidhaa mpya inayonukia ni boti ya umeme. Katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, kampuni ya ASOBO imewapatia wavuvi mashine za umeme kwa njia ya kukodisha, badala ya zile za petroli. Mwenye mtaji mdogo sasa ajiulize auze nini.

Wengi watakimbilia kurundika betri, na huo ni uamuzi mbaya. Kwa mujibu wa BloombergNEF, wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulikuwa dola 139 kwa kila yuniti moja ya umeme inayohifadhiwa mwaka 2023, ukashuka hadi dola 115 mwaka 2024. Mali inayoshuka bei kwa kasi hiyo hula mtaji ikiwa stoo. Kazi ya fundi anayeziunganisha na kuzidhibiti haishuki hivyo.

Hesabu yenyewe ni hii. Seli 16 za lithiamu aina ya chuma na fosfeti, kila moja ya volti 3.2, zikifuatanishwa hutoa volti 51.2. Zikiwa za amp-saa 100, boksi hubeba yuniti 5 hivi. Ukitumia asilimia 80, mota ya kilowati 2 huenda saa mbili. Kulijaza, pamoja na kinachopotea njiani, hakufiki yuniti 6; kwa bei ya karibu shilingi 350 kwa yuniti, ni kama shilingi 2,100. Mwaka 2024 lita moja tu ya petroli ilipita shilingi 3,000. Lakini kilowati 2 hazifiki nguvu za farasi 3. Mashine hiyo inafaa mtumbwi wa karibu na ufuko. Anayeiuza kama mbadala wa mashine ya farasi 15 anamdanganya mteja.

Sasa usalama. Mota hiyo huvuta karibu ampea 40. Waya mwembamba utachemka, na boksi lisilo na fyuzi karibu kabisa na betri linaweza kuwaka moto katikati ya maji. Kidhibiti cha betri hulinda kila seli: hukata chaji seli ikifikia volti 3.65, na hukata matumizi ikishuka mno. Seli moja dhaifu kati ya 16 huangusha boksi zima.

Kukata huko nako kuna hatari yake. Umeme ukikatika ghafla wakati upepo unavuma, mvuvi hubaki akielea. Kwa hiyo mfumo bora hupiga kengele chaji ikibaki asilimia 20, na taa hupewa betri yake ndogo ya pembeni. Kasia halitoki chomboni.

Baridi ya Juni na Julai huko Njombe, inayoleta hata sakitu, nayo isipuuzwe. Betri za aina hii hazichajiwi zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Chaji ifanyike ndani, kidhibiti kiwe na kipima joto.

Ushauri kwa mwekezaji ni huu: aunde boksi moja kwanza, alijaribu nchi kavu kwa mzigo kamili mara kadhaa, aandike volti za kila seli, ndipo alipeleke ziwani. Taratibu za TASAC kuhusu usalama wa vyombo vya majini zifuatwe tangu mwanzo. Kukodisha kwa siku kuna nafuu kuliko kuuza kwa mkopo, kwa sababu boksi hurudi dukani kukaguliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Betri kila duka litauza. Atakayebaki sokoni ni yule ambaye boksi lake humrudisha mvuvi nyumbani.