Kutulia kwa Maumivu Si Kupona

Vidonda vya tumbo vimesingiziwa mambo mengi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba huletwa na pilipili, maharagwe au mawazo mengi. Imani hiyo imetuachia desturi yenye hatari: mgonjwa hununua dawa ya kupunguza asidi, maumivu yakatulia, naye akajihesabu amepona. Kwa maoni yangu, desturi hii hapana budi tuiache.

Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuotesha maabarani bakteria waliotoka katika matumbo ya wagonjwa. Bakteria hao huitwa Helikobakta pilori. Wataalamu wengi hawakusadiki, kwani iliaminiwa kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika asidi ya tumbo. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likapata uvimbe wa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Bakteria hawa hugeuza urea kuwa amonia, nayo hupunguza ukali wa asidi iliyowazunguka. Kisha hujificha katika ute unaofunika ukuta wa tumbo. Kwa kawaida mtu huambukizwa angali mtoto, na asipotibiwa huweza kukaa nao maisha yake yote. Wengi hawaoni dalili yoyote. Hata hivyo, kati ya watu 100 walioambukizwa, 10 hadi 20 hivi hupata kidonda, na 1 hadi 3 hupata saratani ya tumbo.

Dawa ya kupunguza asidi hukifunga kidonda, lakini humwacha adui ndani. Ndiyo sababu kidonda hurudi. Ni sawa na kupangusa sakafu kila siku ilhali paa linavuja.

Huenda msomaji akauliza: je, kila mwenye kiungulia ameze antibiotiki? La, hasha! Vidonda vingine huletwa na aspirini na dawa nyingine za maumivu, na antibiotiki zinazomezwa kwa kubahatisha huwazoeza bakteria usugu. Kwanza mgonjwa apimwe, kwa pumzi, kwa choo au kwa kuangaliwa tumbo kwa mpira wenye kamera. Akionekana na bakteria, ameze dawa zote alizoandikiwa, mara nyingi kwa siku 14, bila kuruka hata siku moja. Kisha apimwe tena, si chini ya wiki 4 baada ya kumaliza dawa.

Gharama ya kipimo huonekana kubwa kwa mwananchi wa kawaida. Lakini na ailinganishe na gharama ya dawa za kutuliza anazonunua mwaka hadi mwaka, na ya upasuaji siku kidonda kitakapotoboka. Zahanati inayogawa dawa za asidi bila kuwa na njia ya kupima humpa mgonjwa nafuu, haimpi uzima.