Siku Moja Tudor



Likizo hii niliombwa niwe pamoja na mabinti 22 wa kidato cha tatu na cha nne waliokuja Mombasa kutoka Lamu, wakisindikizwa na walimu wao wawili wa kike. Walivuka Mokowe alfajiri, wakapanda basi, na hata kufika kwao magharibi ilikwishaingia. Siku ya pili ya safari ilitengwa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor.

Tulipoingia langoni, binti mmoja aliinua macho akaniuliza, "Ustadh, mbona chuo kina kuba kama msikiti?" Nilifurahi kuulizwa, kwani wakaazi wengi wa mji huu hupita hapo kila siku wasiulize. Nikawaeleza kuwa mahali hapo palianza kwa jina la Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la MIOME. Iliasisiwa mwaka 1948, ikachangiwa na Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Haroub, Aga Khan na jamaa wa Kibohra, pamoja na serikali ya kikoloni, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mwaka 1972 ikawa Politekniki, na mwaka 2013 ikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili. Leo inapokea watu wa dini zote. Wazee hao waliona Waislamu wameachwa nyuma, nao hawakukaa kulalamika barazani, walitoa mali.

Mabinti walitembezwa maktabani, kisha katika maabara ya tiba, na mwishowe katika karakana ya umeme. Hapo ndipo walipokawia. Aliyekuwa akieleza mitambo ni mwanafunzi wa kike aliyevaa hijabu yake na juu yake koti la kazi, mikono imeingia grisi. Walimzunguka wakamuuliza mambo ambayo mimi nisingaliulizwa: analala wapi, anaswali wapi, nani humtazama akiugua, baba yake alisema nini. Akawajibu yote kwa utulivu. Adhuhuri tuliswali jamaa, tukala wali wa nazi chini ya mti.

Baada ya chakula alinijia binti mmoja, nisiyemtaja. Ni hodari wa hisabati, walimu wake wanashuhudia. Akasema, "Ustadh, baba ameniruhusu kuja kutazama tu. Nikimaliza kidato cha nne nimekwishaposwa. Mwambie wewe, wewe atakusikiliza."

Wasomaji wangu, maneno yale yalinichoma kwa sababu ninayoijua mwenyewe. Miaka kumi na minane iliyopita alinijia mzee mmoja na barua ya binti yake ya kukubaliwa chuoni, akataka nasaha. Nilimwambia Nairobi ni mbali, amzuie. Sikuuliza habari za bweni la wasichana, wala kama ana jamaa huko, wala sikumwita binti nimsikilize. Nilisema neno jepesi, naye akalichukua kama fatwa. Na mimi huyo huyo nilikuwa nikisomesha darasani kuwa Bi Shifaa bint Abdillah ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa, Mama wa Waumini, kuandika.

Hofu ya mzazi si ya kubezwa. Binti wa miaka kumi na minane katika mji wa wageni ni amana nzito, na mahari na ndoa ni mambo ya kheri. Lakini hofu huulizwa maswali, kama walivyouliza wale mabinti karakanani, na posa inaweza kushartiwa masomo.

Usiku ule nilimpigia simu baba yake. Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akaniuliza, "Sheikh, wa kwako ungemwacha?" Nikamwambia wa kwangu sikumwacha, na hadi leo hanisemeshi kuhusu jambo hilo. Amesema niende Lamu, tuonane baada ya swala ya Ijumaa. Nimekwishakata tikiti.