Sabasaba na magunia ya mbaazi Babati

Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, maarufu kama Sabasaba, yalifanyika kwa mara ya 40 Julai 2016, yakifunguliwa na Rais Paul Kagame wa Rwanda. Shamrashamra hazikukosekana. Lakini mkulima wa Babati anayepanda basi kwenda huko kutafuta mnunuzi wa mbaazi hurudi akinung'unika: ameona sufuria, masofa na vipodozi, mnunuzi hakumwona. Sufuria si mbaya, ila hata Babati mjini zipo.

Manung'uniko hayo yana uzito. Agosti 5, 2017 India, mteja mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo. Bei ikaporomoka huku wakulima wakiwa na magunia mkononi na mteja wa pili hayupo.

Hesabu hiyo inaifikisha Sabasaba mara ya 50 mwaka 2026. TanTrade, inayoyaandaa maonyesho hayo, iwatengee wanunuzi wa mazao kutoka nje banda lao, na vyama vya ushirika vya Babati vifike na sampuli na bei, si na kwaya.