Breki Kwanza, Mota Baadaye

Anayefunga mota kwenye baiskeli kwa mara ya kwanza huanza na mota, na hapo ndipo anapokosea. Baiskeli nyeusi aina ya Phoenix, tulizozizoea mijini na vijijini, hutegemea vipande vya mpira vinavyokandamiza ringi ya chuma. Mvua ikinyesha, mipira hiyo huteleza. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne, na hapo hujapakia gunia wala abiria. Mota ya kitovuni, yaani ile inayofungwa katikati ya gurudumu, nayo huisukuma ekseli izunguke kinyume cha gurudumu. Isipozuiwa kwa mkono wa chuma, nati hulegea na gurudumu huweza kuchomoka.

Wapo watakaosema mwendeshaji mwangalifu atakwenda polepole. Kama ni polepole, mota ya nini? Hoja ya gharama ndiyo nzito, hasa kwa mchuuzi wa maziwa, lakini aliyemudu mota na betri anaweza kutanguliza ringi za alumini, ambazo zikilowa hushika breki vizuri kuliko za chuma. Na fundi anayekubali kufunga mota huku mipira ya breki imekwisha, huyo alaumiwe kabla ya mteja wake.