Usharika Wetu Uko Hapa

Liko neno linalosikika sana kwa washarika wetu wa Sumbawanga, na mara nyingi husemwa bila ubaya wowote: "Usharika wangu hasa uko nyumbani." Nyumbani ni Tukuyu, Machame, Bukoba au Njombe. Hapa ni kazini tu. Anayelisema amesali nasi miaka 12, watoto wake wamebatizwa na kupata Kipaimara hapa, lakini ahadi yake kubwa, sadaka yake ya shukrani na shauri lake juu ya kanisa vyote viko kule alikozaliwa. Tunalipinga neno hilo. Umaskini wetu hauzuii sharika za Ufipa kukua kama linavyozuia neno hilo, wala uchache wetu hauzuii hivyo.

Tuanze na ukweli wa mahali. Sisi Walutheri hatukuwa wa kwanza kuleta Injili katika nyanda hizi. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mapadre Weupe, walikabidhiwa kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kazi yao ikapanda hadi huku juu. Leo Wafipa walio wengi ni Wakatoliki, na ndugu zetu Wamoraviani nao wamekita mizizi. Sisi tumeletwa kwa sehemu kubwa na barua za uhamisho: walimu, wauguzi, askari, mabwana shamba, pamoja na wafanyabiashara waliofuata mahindi na maharage. Basi sharika zetu huongezeka kwa njia mbili, mtu kuhamia na mtoto kuzaliwa. Akihamishwa mhasibu na mkewe na watoto wanne, hesabu yetu inapungua watu sita. Hapo hatuwezi kusema kanisa limepungua wala limekua. Utumishi ndiyo iliyoamua.

Wakati huohuo watu wanaotuzunguka wanaongezeka kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Mkoa wa Rukwa una watu wapatao milioni 1. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta wamepita milioni 1.5. Hao laki tano, ni wangapi waliowahi kualikwa na Mlutheri?

Tutajibiwa: "Wote ni Wakatoliki. Mnataka twende kuiba kondoo?" Hapana. Mtu anayelishwa vema katika kanisa lake tumwache alishwe, tena tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini hoja hii imekuwa kichaka cha kujifichia. Nenda stendi ya mabasi Jumapili saa nne asubuhi, uwatazame vijana wa bodaboda waliolala juu ya pikipiki zao wakisubiri abiria. Pita vilabuni. Wengi waliobatizwa utotoni hawana mtu hata mmoja, wa kanisa lolote, anayewauliza walipo. Shuka Lyamba lya Mfipa mpaka bonde la Rukwa, Muze, Mtowisa na Ilemba, karibu mita 1,000 chini yetu, ukute familia za wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao, wengine hawajawahi kufundishwa habari za Kristo na yeyote. Huyo ni kondoo wa nani tuliyemwibia?

Na mji huu wenyewe jina lake ni agizo. Sumba wanga, tupa uchawi. Hofu ile haijatupwa. Mama anayeuguliwa na mtoto bado anauziwa mafuta na maji ya upako na mtu aliyefika jana kwa basi, huku jirani yake Mlutheri, aliyekariri Katekisimo Ndogo akiwa na miaka 14, anafunga geti lake na kunyamaza.

Hoja ya pili ni hii: "Kutafuta watu ni kazi ya mchungaji na mwinjilisti. Ndiyo maana tunawalipa." Tusizungumzie kiasi tunachowalipa wainjilisti, tutaaibishana bure. Tuzungumzie mafundisho. Mwaka 1520 Martin Luther, akiwaandikia wakuu wa Ujerumani, alibomoa ukuta uliowatenga makasisi na Wakristo wengine: kila aliyebatizwa ni kuhani. Tunajivunia fundisho hilo kila Sikukuu ya Matengenezo, kisha Jumatatu tunamrudishia mchungaji ukuhani wote na funguo za kanisa juu yake.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 8. Mateso yalipoanza Yerusalemu, mitume ndio waliobaki mjini. Waliotawanyika walikuwa washarika, nao ndio waliokwenda wakilihubiri Neno. Sura ya 11 inatuonyesha baadhi yao wakifika Antiokia, watu wa Kipro na Kirene ambao hata majina hatuambiwi. Walisema na Wayunani, kanisa likazaliwa, na Barnaba akatumwa baadaye kuja kuona jambo ambalo tayari lilikuwa limetokea. Wale walikuwa ugenini kama sisi. Hawakusema usharika wao uko Yerusalemu.

Wala jambo hili si la zamani tu. Kabla wamisionari wa Betheli hawajaanza kazi Bukoba mwaka 1910, walikuwako tayari Wahaya wachache waliojifunza kusoma Injili Uganda, wakikusanyika wenyewe. Mmisionari aliwakuta. Katika kanisa lililokua kwa namna hiyo alilelewa Josiah Kibira, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri la Dunia. Waanzilishi wale hawakungoja kupelekewa mchungaji.

Sasa tuseme yanayokera. Mfipa mmoja akialikwa leo, anakuta nini kwetu? Baada ya ibada makundi yanajitenga uani, hawa kwa Kinyakyusa, wale kwa Kichaga, naye anabaki amesimama na mkewe karibu na bomba la maji. Kabla ya hapo ameketi dakika 40 akisikiliza matangazo ya michango: mnara, sare za kwaya, gari. Ukafuata mnada, jogoo akapandishwa bei mara tatu kwa vicheko, naye mfukoni ana nauli ya kurudi Laela. Hatusemi mnada ufutwe. Tunasema mgeni ajue jina la Yesu kabla ya kujua deni letu la mabati.

Na jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba? Nyumba ni zilezile tano, zenye makochi. Jumuiya ipelekwe kwa mpangaji wa chumba kimoja, waketi kwenye mkeka, na majirani wa uani waalikwe kwa majina. Huo ndio uinjilisti usiohitaji bajeti ya Halmashauri. Anayelima hapa anajua kazi ya intumba: unafukia majani chini ya udongo, unaacha yaoze taratibu, na ulezi mzuri unausubiri msimu mwingine. Asitokee mzee wa kanisa wa kudai idadi ya ubatizo ifikapo Desemba.

Yeremia sura ya 29 iliandikwa kwa watu waliokuwa Babeli wakihesabu siku za kurudi. Waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji waliomo. Hawakukatazwa kuipenda Yerusalemu, nasi hatumkatazi mtu kupeleka bati kwenye kanisa la babu yake Tukuyu. Lakini nidhamu ya kanisa letu ni kwamba msharika anayehama huja na barua kutoka usharika anaotoka, akaandikwa anakofika. Wako wanaoishi Sumbawanga tangu barabara ya Tunduma ikiwa vumbi, na barua hiyo hawajaiomba mpaka leo. Waiombe mwezi huu, na siku watakayoileta ofisini waje na mtu mmoja wa mtaani kwao ambaye hajaandikwa popote.