Asante Mahali pa Kazi

Mwezi uliopita tulinena juu ya salamu. Leo twataka kunena juu ya asante, wala si ile isemwayo mbele ya wageni, bali ile ya mahali pa kazi, ambayo ni adimu.

Mtoto akisahau kushukuru kwa kipande cha muhogo, twamkemea mara moja. Lakini sisi wenyewe twaingia kazini asubuhi, twakuta sakafu imefagiwa na hesabu za jana zimeandikwa vizuri, nasi twapita kimya. Kosa likionekana, hapo ndipo sauti zetu husikika hata barabarani!

Tuungame letu kwanza. Alikuwapo kwetu mzee mmoja aliyekunja karatasi zetu miaka mingi. Siku aliyostaafu tulimsifu kwa maneno mengi. Akatujibu kwa upole, "Kumbe mlikuwa mkiona." Neno lile lilituchoma.

Huko Marekani yuko mtu aitwaye Douglas Conant, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Campbell, watengenezao supu ya makopo, tangu mwaka 2001 hata 2011. Watu wa kazi walikuwa wapata 20,000. Naye alikuwa na desturi ya kuwaandikia barua fupi za shukrani kwa mkono wake mwenyewe, 10 hata 20 kwa siku, hata zikafika 30,000. Hakusifu ovyo, alitaja ni kazi gani hasa mtu ameitenda vema. Mwaka 2009 alipatwa na ajali mbaya ya gari, na barua za pole zikamjia kutoka kwa watu wake wa nchi nyingi.

Labda msomaji atasema, "Asante haijazi chungu." Kweli, twakubali. Amcheleweshaye mtu mshahara na kumpa maneno matamu, huyo afanya dhihaka. Mshahara ni haki. Lakini mshahara nao hausemi, "Nilikuona jana ukibaki hata taa zikawashwa." Hayo sharti yasemwe kwa kinywa.

Tena asante haishuki tu, hupanda pia. Mkubwa aliyekupa ruhusa ulipouguliwa na mtoto, je, ulirudi kumwambia neno?

Yule mzee wetu yu hai bado, na kijiji chake si mbali. Tumeazimia kwenda kumwona kabla ya mvua, tumweleze kwa urefu yale tuliyoyaona.