Vyeti Viwili, Karakana Moja
Sera ya Elimu ya Tanzania iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025 inamfungulia mwanafunzi wa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, njia ya kumaliza kidato cha nne na vyeti viwili, cha taaluma na cha ufundi. Wapo wanaobeza kwamba amali ni jalala la walioshindwa hesabu. Hawajamwona fundi akipima umeme wa pampu ya kisima kwenye shamba la zabibu. Hesabu ile haina msamaha. Hofu yenye uzito ni nyingine: michepuo ya masomo ya kazi katika sekondari za miaka ya 1970 ilikwamishwa na uhaba wa vifaa na walimu, si ubaya wa wazo. Basi mzazi wa Bahi au Chamwino, kabla hujamwandikisha mwanao, omba uonyeshwe karakana. Hesabu mashine, kisha uliza ni zipi zinazowaka.